Gari la Magurudumu ya Tufe: Sumaku, Mzigo na Tope la Kegonga

Gurudumu la tufe ni gurudumu lenye umbo la mpira wa kuchezea, lisilo na ekseli. Hukaa ndani ya kikombe kilichofungwa chini ya gari, kama kigololi cha chuma kinavyokaa kwenye ncha ya kalamu ya biro, na kwa kuwa halikushikwa ubavuni linaweza kubiringika kuelekea popote. Gari lenye matufe manne ya aina hii huenda mbele, huenda kando kama kaa, na huzunguka papo hapo lilipo. Kwenye kichochoro cha soko lingeingia mahali ambapo gari la kawaida lingelazimika kurudi nyuma mara tatu. Lakini tufe lisilo na ekseli halina mahali pa kufungia cheni wala gia, na roli zinazolisugua ili lizunguke huchakaa haraka na kujaa uchafu. Ndiyo maana wabunifu wamegeukia sumaku, ambayo husukuma bila kugusa.

Watazamaji wa sinema waliliona wazo la gari la matufe mwaka 2004, Audi ilipobuni gari la RSQ kwa ajili ya filamu I, Robot, ambayo kisa chake kinatokea Chicago mwaka 2035. Machi 2016 kampuni ya matairi ya Goodyear ikaonyesha Eagle-360 kwenye Maonyesho ya Magari ya Geneva. Lilikuwa tairi la tufe, uso wake umechorwa mifereji iliyoigwa kutoka kwa matumbawe yanayofanana na ubongo, na gari lilikusudiwa kuelea juu yake kwa nguvu ya sumaku. Toleo la pili, Eagle-360 Urban, lilifuata mwaka 2017. Yote mawili yalikuwa vielelezo vya kuonyesha njia, wala hakuna gari lililouzwa likiwa na tairi hilo.

Kitu kilichotembea kweli kilitoka kwenye maabara ya roboti. Ralph Hollis wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, alikuwa tayari ametengeneza roboti yenye kimo cha mtu inayosimama juu ya tufe moja, ikijisawazisha kama mwanasarakasi. Tufe hilo lilizungushwa na roli. Mwaka 2016 yeye na Masaaki Kumagai wa Chuo Kikuu cha Tohoku Gakuin, Japani, wakatangaza SIMbot. Tufe lake ni la chuma, tupu ndani, limevikwa ganda la shaba, nalo huzungushwa na sumaku-umeme sita zilizolizingira bila kuligusa. Roboti nzima ina vitu vikuu viwili tu vinavyosogea, mwili na tufe. Jambo moja hapa hupitwa na wengi wanaoshabikia magari ya kuelea: sumaku za SIMbot hufanya kazi ya kuzungusha tu. Uzito wa roboti hubebwa na gololi za kawaida zinazobiringika juu ya tufe. Kuzungusha na kubeba ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ngumu.

Ile ya kwanza si ngeni hata Kegonga, mji mdogo ulio makao makuu ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Mashine ya kusaga mahindi inayotumia umeme wa fezi tatu huifanya kutwa nzima. Ndani ya mota yake kuna koili zilizopangwa kwa duara, na mikondo mitatu hupokezana ndani yake hivi kwamba nguvu ya sumaku huzunguka duara hilo. Kipande cha katikati, kile kinachovuta mkanda wa kinu, hakifikiwi na waya hata mmoja. Sumaku inayozunguka ikipita juu yake huamsha mkondo ndani ya alumini au shaba yake, mkondo huo nao hukifanya kipande hicho kuwa sumaku, kikakokotwa. Mota hiyo ikipasuliwa kwa urefu, ikakunjuliwa kama mkeka, kisha ikapindwa kufuata mgongo wa tufe, itasukuma uso wa tufe kwa mstari mmoja. Zikiwekwa mota kama hizo kadhaa, kila moja imelazwa kwa mwelekeo wake, misukumo yao huchanganywa na kompyuta ndogo hadi tufe liende upande unaotakiwa. Kwa gari lenye matufe ya kipenyo cha sentimita 60, mwendo wa kilomita 60 kwa saa unadai tufe lizunguke takriban mara 530 kwa dakika, na hilo halimtishi fundi yeyote wa mota.

Mzigo ndio unaotisha. Kipimo kizuri ni gari aina ya Probox, kwa sababu ndilo linaloeleweka zaidi magharibi ya Kenya: abiria, magunia na kuku katika safari moja. Likiwa limejaa, tuseme lina kilo 1,600, yaani kilo 400 juu ya kila gurudumu. Likiingia kwenye shimo na kutoka, mzigo huo huweza kuongezeka hadi mara tatu kwa kitambo kidogo, kwa hiyo kila kikombe kinapaswa kuhimili kama kilo 1,200.

Hapa wanaochora kwa mara ya kwanza hukosea karibu wote. Huweka sumaku-umeme juu ya tufe na kutarajia gari lielee. Sumaku-umeme huvuta chuma; ikiwa juu ya tufe italivuta tufe juu na kulivuta gari chini, na uzito utakuwa umeongezwa badala ya kupunguzwa. Ili mvuto ubebe gari, sumaku lazima ziwe chini ya kiuno cha tufe, zikilikumbatia kwa chini kama mikono inavyoshika nyungu. Treni ya sumaku ya Shanghai, iliyoanza safari za kibiashara mwaka 2004 kwenye njia ya kilomita 30 na kufikia kasi ya kilomita 431 kwa saa, hutumia ujanja huohuo: mabawa yake huzunguka kingo za njia na kuvuta kutoka chini.

Sumaku-umeme yenye nguvu ya nusu tesla, kiwango ambacho chuma cha kawaida hukimudu bila shida, huvuta kwa takriban kilo moja katika kila sentimita ya mraba. Tukiacha mkanda wa sumaku uanze kiunoni mwa tufe la sentimita 60 na kushuka hadi nyuzi 45 chini yake, eneo linalohesabika kwa mvuto wa wima ni karibu sentimita za mraba 1,400. Hizo ni kilo 1,400, nasi tulihitaji 1,200. Kwa hesabu ya karatasi gari limeelea. Ila ukingo wa chini wa mkanda huo sasa uko chini ya sentimita 9 kutoka ardhini, tena kabla ya kuhesabu unene wa koili zenyewe na bamba la kuzilinda. Barabara ya udongo baada ya mvua za masika, magurudumu ya malori yakishachimba mifereji yake, ina kina kinachozidi hicho kwa urahisi.

Kuna tatizo la pili, nalo ni pengo. Tufe la chuma tupu haliwezi kushika barabara. Lazima livikwe mpira. Mpira hauna habari na sumaku, hivyo unene wake wote ni pengo lililoongezwa kati ya sumaku na chuma. Pengo la sentimita moja linadai mkondo wa kiasi fulani kuzalisha ile nusu tesla. Ongeza sentimita mbili za mpira, pengo liwe tatu: mkondo unaohitajika huongezeka mara tatu, na joto ndani ya koili huongezeka mara tisa, kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo. Kuchanganya unga wa chuma ndani ya mpira husaidia kidogo, lakini mpira wenye chuma kingi hupoteza ulaini uliofanya utafutwe.

La tatu halionekani kwenye michoro mingi. Lile ganda la shaba linalolifanya tufe lisukumike kwa umeme ndilo pia linalolizuia. Shaba ikipita kwa kasi mbele ya sumaku iliyotulia, mikondo huamka ndani yake na kupingana na mwendo. Breki za baadhi ya treni na malori hutumia nguvu hiyo hiyo. Sumaku zinazobeba gari zinageuka kuwa breki zisizoachia. Mbunifu anaweza kuzipanga ncha za sumaku ili mabadiliko yawe madogo kadiri tufe linavyozunguka, lakini tufe huzunguka kila upande, na mpangilio unaofaa kwa mwendo wa mbele haufai kwa mwendo wa kando.

Zaidi ya hayo, mvuto wa sumaku hauna utulivu wa asili. Mwaka 1842 mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw alionyesha kwamba kitu hakiwezi kutulia hewani kwa nguvu za aina hii peke yake, nguvu ambazo hupungua kwa mraba wa umbali. Kitavutwa upande mmoja hadi kigonge. Kwa sumaku ya kuvuta hili hueleweka kwa mkono tu: msumari ukisogea karibu zaidi huvutwa kwa nguvu zaidi, na mara unanasa. Dawa yake ni vihisi vinavyopima pengo mara maelfu kwa sekunde na kompyuta inayopunguza au kuongeza mkondo kila mara. Treni ya Shanghai hushikilia pengo la karibu sentimita moja kwa njia hii. Lakini treni hiyo hupita juu ya njia iliyonyooshwa kwa ustadi mkubwa, wakati kikombe cha tufe kitapigwa na kila jiwe. Umeme ukikatika, gari zima huangukia matufe yake, kwa hiyo ndani ya kikombe lazima ziwepo gololi za akiba za kulipokea.

Uzito wa tufe lenyewe nao si haba. Ganda la chuma lenye unene wa milimita 5 kwa kipenyo cha sentimita 60 lina karibu kilo 44. Shaba ya milimita 2 huongeza 20. Mpira wa sentimita 2 huongeza kama 25. Jumla ni karibu kilo 90 kwa gurudumu moja. Uzito huu uko chini ya springi, na uzito ulio chini ya springi ndio unaolipiga gari kila linapokanyaga jiwe. Gurudumu la Probox ni sehemu ndogo tu ya huo.

Lakini hata haya yote yangetatuliwa, kuna jambo ambalo tufe haliwezi kuliiga bure, nalo ndilo kiini cha ubunifu huu. Gurudumu la kawaida hukataa kwenda kando. Ekseli hulishika, na likisukumwa kwa ubavu mpira wake hung'ang'ania ardhi bila kula umeme wowote. Barabara ya udongo hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji yakimbilie mtaroni. Mwinuko wa sentimita 5 kwa kila mita ni wa kawaida. Gari la kilo 1,600 pamoja na matufe yake manne hukaribia kilo 2,000, na juu ya mwinuko huo husukumwa kuelekea mtaroni kwa nguvu ya kama kilo 100, muda wote, liwe linakwenda au limesimama. Probox haiijui nguvu hiyo. Gari la matufe lazima lipambane nayo kwa umeme kila sekunde ya safari, na mota ya aina ya kinu inaposhikilia kitu kisisogee, umeme wake wote huishia kuwa joto. Likiegeshwa kwenye mteremko litahitaji breki ya kubana tufe kwa mkono wa chuma, na breki hiyo inapobana hula mpira au hulibeba tope na kuliingiza ndani. Uhuru wa kwenda kila upande hununuliwa kwa wajibu wa kuuzuia kila upande.

Kuhusu tope, kielelezo kizuri zaidi ni kipanya cha kompyuta cha zamani, kile chenye mpira mdogo chini yake. Waliowahi kufanya kazi kwenye duka la intaneti wanakumbuka namna mshale ulivyoanza kukwama kwenye kioo, kifuniko kikafunguliwa, mpira ukadondoka kiganjani, na ndani mkaonekana roli zilizofungwa mkanda mweusi wa vumbi na nyuzi za nguo, uliokwanguliwa kwa ukucha. Uchafu huo wote ulitoka juu ya meza safi. Tufe la gari hubeba kila linachokanyaga na kukipandisha moja kwa moja hadi ndani ya kikombe, kwa sababu hakuna sehemu ya uso wake isiyofika chini. Kwenye gurudumu la kawaida beringi hukaa katikati, mbali na ardhi, nyuma ya sili. Huko tope halifiki kwa miaka.

Na udongo wa Migori una ziada yake. Miamba ya zamani sana ya eneo hilo ina matabaka ya chuma, na hiyo ni mojawapo ya sababu za dhahabu kupatikana huko. Wachimbaji wadogo wanaujua mchanga mweusi unaobaki chini ya karai baada ya kuosha. Ukipitisha juu yake sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, punje zake huruka na kusimama juu ya sumaku kama ndevu, na kuzipangusa ni kazi: hukimbia kutoka kidole hadi kidole bila kuachia. Gari linaloendeshwa na sumaku, likipita kwenye udongo wa namna hiyo, litaziokota punje hizo lenyewe. Zitajipanga ndani ya pengo lile la sentimita moja ambalo hesabu zote zililitegemea, na kazi ya kusaga shaba itaanza. Brashi za kupangusa zitahitajika ukingoni mwa kikombe, hewa ya kusukuma vumbi nje, na mlango wa kusafishia unaofunguliwa kwa spana ya kawaida.

Njia moja ya kupunguza mkondo ni kutumia sumaku za kudumu zenye nguvu, zile za neodimiamu zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambazo sasa zimo kwenye mota nyingi za pikipiki za umeme. Hubeba sehemu kubwa ya mzigo bila umeme, na koili huachiwa kazi ya kusawazisha tu. Aina za kawaida za sumaku hizi huanza kupoteza nguvu joto linapokaribia nyuzi 80, jambo la kuangalia chini ya gari lenye koili zinazochemka. Neodimiamu hupatikana katika madini adimu ambayo mara nyingi hukaa kwenye miamba ya aina ya kabonatiti, na Afrika Mashariki ina miamba hiyo kwa wingi usio wa kawaida: Mlima Homa na vilima vya Ruri katika Kaunti ya Homa Bay ni vya jamii hiyo, Mrima huko Kwale hujulikana kwa niobiamu na madini adimu, na Ngualla mkoani Songwe, Tanzania, ina hazina ya neodimiamu yenyewe. Hata hivyo sumaku zilizokamilika hununuliwa kutoka nje, nyingi zikitoka China. Kati ya mwamba na sumaku kuna kiwanda cha kutenganisha madini yanayofanana kama mapacha, na kiwanda hicho ndicho kinachokosekana.

Waliofanikiwa kutengeneza magari ya umeme katika eneo hili walianza na magurudumu ya kawaida, na walikuwa sahihi. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari la watu wawili, mwaka 2011, nalo likafuatwa na basi la Kayoola linalosaidiwa na umeme wa jua mwaka 2016. Kampuni ya Opibus ilianzishwa Nairobi mwaka 2017 ikibadili magari ya mafuta kuwa ya umeme, na tangu mwaka 2022 inaitwa Roam na hutengeneza pikipiki. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kampuni ya WeTu ilianza na vituo vya umeme wa jua vya kuchaji taa za wavuvi, ikaendelea hadi vyombo vya usafiri. Pikipiki nyingine za umeme huwa na mota ndani ya kitovu cha gurudumu, sumaku zikiwa zimepangwa kwenye ukingo unaozunguka na koili zikiwa zimetulia katikati. Hilo tayari ni gurudumu linaloendeshwa na sumaku. Tofauti ni kwamba limehifadhi ekseli, na pamoja nayo beringi, sili na ukaidi wa kutokwenda kando.

Mahali panapolifaa tufe kwa sasa ni sakafuni. Katika ghala la mahindi, katika korido ya hospitali, katika karakana, ardhi ni tambarare, mwendo ni wa mtu anayetembea, nafasi ni finyu, na kusogea kando kuna faida ya kweli. Hata huko tufe lina mshindani: gurudumu la mecanum, lililobuniwa na Mswidi Bengt Ilon katika miaka ya 1970, lenye viroli vilivyolazwa kimshazari ukingoni, ambalo huenda kando kwa kutumia mota na ekseli za kawaida. Tufe hulishinda kwa utulivu wa mwendo, kwa kuwa halina viroli vinavyogongagonga sakafu.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kujengwa ni toroli la ghala, lenye matufe matatu ya sentimita 20, la kubeba gunia moja la kilo 90. Matatu ni bora kuliko manne kwa kuwa miguu mitatu hukanyaga yote hata kwenye sakafu isiyo sawa. Uzito ubebwe na gololi, kama kwenye SIMbot, na sumaku ziachiwe kusukuma. Maganda mawili ya nusu tufe ya chuma huunganishwa kwa kuchomelewa na kusawazishwa kwenye mashine ya kukereza. Kulivika tufe shaba ndiko kunakodai mkono mzuri, maana bonde la milimita moja juu ya uso ni badiliko la milimita moja katika pengo. Koili zinaweza kusukwa na mafundi walewale wanaosuka upya mota zilizoungua za vinu. Betri ya pikipiki ya umeme inatosha, pamoja na kidhibiti kimoja kwa kila kundi la koili. Kupima mzunguko wa tufe hakuhitaji kifaa cha ghali: jicho la kipanya cha kisasa, lile lenye taa nyekundu, likielekezwa kwenye uso wa tufe husoma mwendo wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na maabara ya Hollis ilitumia vihisi vya jamii hiyo.

Majaribio yaende kwa hatua. Kwanza toroli liinuliwe juu ya stendi, matufe yazungushwe hewani kwa nusu saa, joto la koili lipimwe kila dakika tano. Pili libebe gunia kwenye sakafu ya saruji na kuamriwa kwenda kando kwa mita kumi. Lipimwe limepotoka sentimita ngapi. Tatu lisimamishwe kwenye ubao ulioinamishwa sentimita 5 kwa mita na umeme unaotumika kulishikilia uandikwe, maana hiyo ndiyo namba itakayoamua kama linafaa kutoka nje ya ghala. Mwisho lisukumwe mita mia moja kwenye udongo mbichi wa nje, vikombe vifunguliwe, na tope lililoingia likwanguliwe likapimwe kwenye mizani, na sumaku ya spika ipitishwe juu yake likishakauka kuona ni kiasi gani chake ni chuma.